Salama ya Kila Asubuhi

Mafundi wenzake walimwita Radi, na si kwa ajili ya wepesi wa mkono, ingawa mkono wake ulikuwa mwepesi kweli. Walimwita hivyo kwa ajili ya mdomo. Tofali likikaa vibaya kwa upana wa ukucha, Radi alilipuka, na aliyekuwa karibu alielezwa habari zake mwenyewe, za mama yake mzazi, na za shule aliyoikimbia utotoni. Dakika mbili baadaye Radi alikuwa ameshasahau. Hilo ndilo lililowaudhi watu kuliko matusi yenyewe. Umemtukana mtu mpaka jasho limemkauka, halafu unamgeukia na kumwomba pima maji kwa sauti ya kawaida, kama vile hamjawahi kukosana.

Alivumiliwa kwa sababu alikuwa mwashi wa kutegemewa. Ukuta wake ulisimama wima tangu chini mpaka juu, na timazi likishushwa popote halikuwa na la kusema. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na minane, mabega mapana, vidole vilivyopasuka kwa saruji, na sikio ambalo mafundi walilisimulia hata mbele ya wageni. Akigonga plasta kwa mpini wa mwiko, alikuambia hapa pameshika, hapa pana uwazi ndani, bomoa. Wakibomoa, walikuta kweli uwazi upo.

Nyumbani alikuwa na mke wa miaka thelathini na mmoja ya ndoa. Walizaa binti mmoja, naye ameshaolewa, anakaa mitaa mitatu kutoka kwao. Nyumba yao ilikuwa ya vyumba viwili na jiko, na kama ilivyo kwa nyumba nyingi za mafundi, ilikuwa haijamalizika. Kuta za jikoni zilikuwa matofali matupu. Kila mwaka Radi alisema mwaka huu napiga plasta, na kila mwaka plasta iliishia kwenye nyumba za watu.

Siku moja mvua kubwa ilikatiza kazi saa nne asubuhi, akarudi nyumbani saa ambayo hakuwa na desturi ya kurudi. Alipofika ukumbini akavua viatu vyenye matope, akasikia kicheko kutoka jikoni. Kilikuwa kicheko cha mtu aliyeshika mbavu, kinachokwama, kinavuta pumzi, kinaanza tena. Alisimama na kiatu kimoja mkononi akijiuliza ni mgeni gani huyo anayecheka hivyo nyumbani kwake. Ilimchukua muda kutambua kwamba ni mkewe.

Akasukuma mlango, kicheko kikakatika. Mkewe alikuwa ameketi na jirani yao, mama mmoja mshonaji nguo, wameweka bakuli la mboga katikati wanachambua. Mkewe akasimama mara moja, akafuta mikono, akauliza kama aweke chai. Jirani naye akakumbuka kwamba ana nguo ya mteja inayomsubiri, akaaga huku akipita pembeni ya mlango. Hakuna aliyemkosea Radi, hakuna aliyemkunjia uso. Lakini aliketi pale akinywa chai na kujiona kama askari aliyeingia nyumbani kwa watu kupekua, na moyo ukamuuma, jambo ambalo halikuwa kawaida ya moyo wake.

Kwa siku kadhaa alihangaika na neno hilo bila kumwambia mtu. Mwishowe alimwambia fundi bomba, rafiki yake aliyekutana naye kwenye kazi nyingi. Fundi bomba alikuwa mtu wa maskhara, lakini aliheshimiwa kwa jambo moja: alivuta sigara pakiti mbili kwa siku kwa miaka ishirini, na aliziacha. Kila mtu pale kazini alikuwa amewahi kuapa kuacha kitu fulani. Yeye peke yake ndiye aliyekiacha kweli.

"Mtu hajibadilishi kwa mkupuo," fundi bomba alimwambia, wakiwa wameketi juu ya mifuko ya saruji wakati wa mapumziko. "Ukisema kesho naamka mtu mwingine, kesho utaamka yuleyule, tena na hasira ya kujidanganya. Chukua kitu kimoja, kiwe kidogo mpaka ukionee aibu. Kifanye kila siku, saa ileile, mahali palepale. Ukikosa siku moja, usikose ya pili. Basi."

Radi akauliza kidogo kama nini. Fundi bomba akamuuliza kama anajua mkewe ameamkaje leo. Radi akacheka, akairudia asubuhi ile kichwani. Alikumbuka chai ilikuwa na sukari ya kutosha. Alikumbuka shati lake lilikuwa limepigwa pasi. Aliyempa chai na shati hakumkumbuka hata alikuwa amevaa nini.

Neno la rafiki yake lilimwingia kwa sababu lilikuwa neno la ujenzi. Wengine huambiwa haba na haba hujaza kibaba, lakini hiyo kwake ilikuwa methali ya wauza nafaka. Yeye alijua ukuta. Hakuna fundi anayejenga ukuta kwa siku moja. Ukipandisha kozi nyingi, yaani safu za matofali, kwa pupa, udongo wa chini ungali mbichi, ukuta unatitia kwa uzito wake wenyewe. Unapanga kozi chache, unaacha zishike, unamwagilia maji, kesho unarudi. Aliona kwamba mambo haya ya kujirekebisha, ambayo watu huyafanyia mikutano na viapo, kumbe ni kazi anayoifanya tangu ujana.

Kesho yake asubuhi, badala ya kunywa chai amesimama mlangoni kama abiria, alivuta kigoda akaketi jikoni.

"Umeamkaje?" akamuuliza mkewe.

Mkewe aligeuka akatazama nyuma yake, kuona ni nani anayeulizwa. Alipokuta hakuna mtu, akajibu salama, kisha akauliza kuna nini. Radi akasema hakuna kitu, anauliza tu. Mkewe akarudia salama, sasa kwa tahadhari zaidi, akahamisha kisu kutoka mezani akakiweka kabatini. Radi alimaliza chai yake, akachukua penseli bapa ya fundi kutoka nyuma ya sikio, akachora mstari mmoja kwenye tofali nyuma ya mlango wa jiko. Akaenda kazini.

Aliendelea hivyo. Juma la kwanza mkewe alidhani amepatwa na habari mbaya anayoificha, labda ameachishwa kazi, labda ana mwanamke. Juma la pili alimwuliza jirani kama wanaume huanza kuchanganyikiwa wakiwa na umri ule. Lakini mistari ilizidi kuongezeka nyuma ya mlango, mitano mitano, na Radi akaanza kuionea fahari, kama anavyoionea fahari kona iliyokaa sawa. Alipofikisha thelathini akaongeza jambo la pili: kikombe chake akioshe mwenyewe. Mara ya kwanza mkewe alinyoosha mkono kukipokea, wakakigombania kidogo kama watoto, mpaka akakiachia.

Jambo la tatu lilikuwa la kazini. Kila hasira ilipompanda, alitakiwa aende kwenye pipa la maji, atumbukize mikono yote miwili mpaka kwenye viwiko, ahesabu mpaka ishirini, ndipo arudi kusema. Siku za mwanzo hakujenga sana, maana muda mwingi alikuwa pipani. Vibarua wakaliita pipa lile mahakama. Wakiulizwa fundi yuko wapi, wanasema amekwenda mahakamani, kesi inaendelea. Alisikia, akaenda tena mahakamani kwa ajili ya hilo.

Tuseme kweli, kwa sababu kuna watu hawapendi kumpa mtu haki yake: alibadilika. Hakubadilika kwa kunuia tu. Alikuwa mtu wa karibu miaka sitini anayeanza upya kama mtoto wa chekechea, na kila siku alifanya kazi yake. Binti yake alipokuja mwisho wa juma alimkuta baba yake anakunja nguo zilizoanuliwa, akasimama kizingitini asijue aingie au arudi. Kazini watu walianza kumletea makosa yao wenyewe badala ya kuyaficha nyuma ya lundo la mchanga. Nyumbani kukawa na utulivu ambao kuta zile hazikuwahi kuujua.

Ila jibu lilikuwa lilelile. Umeamkaje? Salama. Mara nyingine mkewe alijibu huku akitabasamu, mara nyingine mgongo umegeuka, lakini lilikuwa salama. Mwezi wa tatu, asubuhi moja, mkewe akaongeza, "Na wewe je?" Radi alifurahi mpaka akamwendea fundi bomba kabla hata hajabadili nguo za kazi, akamweleza, wakapeana mikono kama watu waliofunga mkataba. Tangu hapo alijua anachokitaka katika dunia hii, na hakikuwa kikubwa. Alitaka siku moja aulize, na jibu liwe refu. Mkewe amwambie jambo lolote la moyoni mwake, hata la kipuuzi, bila kulazimishwa, kabla uzee haujawafika wakiwa wawili wasiojuana.

Mwezi wa sita alianza kuona mambo. Mtu wa kuona tofali lililokaa vibaya kwa upana wa ukucha hawezi kukosa kuona. Aliona mkewe anaposimama hushika kwanza ukingo wa meza. Aliona gauni lake limekuwa pana mabegani. Aliona anapakua chakula kidogo kwenye sahani yake, na hicho kidogo anakizungusha zungusha mpaka mumewe amalize. Asubuhi moja alijikaza akavuka swali lake la kawaida, akamwuliza kama anaumwa.

"Hapana," mkewe akasema. "Ni uchovu tu. Salama."

Hapa ndipo mtu unatamani umshike shati umtikise. Mtu mwingine yeyote, mkulima, karani, muuza mitumba, angesema hebu twende hospitali tukapime huo uchovu. Radi alikuwa mwashi, akafikiri kama mwashi. Ukuta mbichi hauegemewi. Saruji inataka siku ishirini na nane ndipo ikomae, na kabla ya hapo huupandishii mzigo hata ukiuona umekauka kwa nje, maana ukiusukuma leo utapasuka palepale ulipohangaika kupajenga. Alijijua. Akimbana mkewe, akisema niambie kweli una nini, sauti itapanda, na ikishapanda itakuwa ni Radi yule wa zamani amerudi jikoni, na miezi sita yote imekwenda na maji. Akaamua asiusukume. Ataendelea kuuliza swali lake dogo kwa upole, asubuhi baada ya asubuhi, kama anavyomwagilia ukuta, na siku ya ishirini na nane ndipo atauliza tena. Akahesabu mbele, akachora kiduara kidogo kwenye tofali mahali mstari wa siku hiyo utakapoangukia.

Alifanya hivyo kwa mapenzi, na huo ndio uchungu wake. Hakuwahi kumfikiria mkewe kwa makini kiasi hicho tangu alipomwoa.

Siku ya kumi na tisa alikuwa juu ya jukwaa anafunga kozi ya mwisho kabla ya lenta, mkanda wa zege wa juu, akamwona jirani mshonaji anakuja anakimbia, futi ya kupimia nguo ingali shingoni. Alisimama chini akamwambia, "Shemeji, shuka. Mwenzio ameanguka." Radi alishuka bila ngazi.

Hospitalini walipokelewa, mkewe akaingizwa ndani, wakangoja kwenye benchi la mbao ambalo mguu wake mmoja ulikuwa mfupi. Binti akafika. Jirani aliyekuwa nao akanong'ona kwamba wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, kisha akajuta kuyasema hayo mbele ya mtoto. Mchana daktari akamwita Radi chumbani, akamweleza bila kuzunguka sana. Kulikuwa na uvimbe tumboni, mkubwa, na ulikuwa umeshatawanyika sehemu nyingine. Angeletwa miezi mitano iliyopita, kungekuwa na la kufanya. Sasa watampunguzia maumivu. Kisha daktari, ambaye hakuwa mtu mbaya, akauliza kama mgonjwa hakuwa akilalamika nyumbani.

"Nilikuwa namuuliza kila siku," Radi akasema.

Daktari alidhani hakusikika, akarudia swali. Radi naye akarudia jibu.

Nje kwenye ujia, binti yake hakumtazama usoni. Aliitazama sakafu, akasema yeye alijua. Amejua kwa mwezi na nusu. Alimkuta mama yake ameinama juu ya beseni anauma kitambaa asitoe sauti, akambana mpaka akasema. Lakini mama alimkataza asimwambie baba.

Hasira ilimpanda Radi kama zamani, kutoka tumboni mpaka kwenye macho. Alitupa macho huku na huku, akaona sinki la kunawia mikono mwisho wa ujia. Akaliendea, akafungua bomba, akaweka mikono yote miwili chini ya maji na kuhesabu mpaka ishirini. Hazikutosha, akahesabu tena. Muuguzi aliyepita alimwambia sabuni imekwisha. Alirudi mikono inachuruzika, akamwuliza binti kwa nini, kwa sauti ya chini kabisa.

"Alisema, baba yako ametulia siku hizi," binti akajibu, na sasa alikuwa analia. "Alisema, miaka thelathini nimeingoja nyumba hii itulie. Sitaki niwe mimi wa kuichafua."

Jioni ile Radi alirudi nyumbani kuchukua nguo za mgonjwa. Aliziweka kwenye mfuko, kisha akaenda jikoni akafunga mlango ili aone nyuma yake. Akahesabu. Mistari ilikuwa mia mbili na kumi na mmoja. Akahesabu kurudi nyuma miezi mitano, akaweka kidole: mstari wa sitini na kitu. Kuanzia hapo kwenda mbele, kila alipochora na kujipongeza, mwanamke aliyeketi mbele yake alikuwa anaoza ndani kwa ndani na kumwambia salama. Yeye, anayegonga plasta ya mtu na kusikia uwazi usioonekana, alizisikiliza salama mia mbili na kumi na moja, na zote aliziona zimeshika.

Alikaa kwenye kigoda akaelewa jambo ambalo fundi bomba hakumwambia, labda kwa sababu sigara haina mdomo. Mazoea madogo ya kila siku hayamjengi anayeyanuia peke yake. Jikoni mle mlikuwa na mafundi wawili. Yeye alikuwa na kazi ya miezi saba. Mwenzake alikuwa na kazi ya miaka mingi, kozi juu ya kozi, haikupita siku, na ilikuwa imekomaa zamani. Na upole wake huu mpya, ule ambao watu walimsifia, ndio uliozidi kuifunga, maana sasa mkewe alikuwa na kitu cha kuogopa kukipoteza.

Kesho yake hakuuliza wala hakuchora mstari. Alfajiri iliyofuata alifikiria asiende, kwamba bora ampelekee binti chai ampe mama yake, yeye akae mbali asije akamchosha na swali lake la kijinga. Lakini alishaambiwa: ukikosa siku moja, usikose ya pili. Akachemsha maji, akajaza chupa ya chai, akafika wodini mlango unapofunguliwa kwa wageni. Akavuta stuli, akaketi, akauliza umeamkaje. Mkewe akajibu salama, na midomo yake ilikuwa mikavu kama karatasi. Kesho yake ikawa vivyo hivyo, na keshokutwa.

Siku ya nne Radi aliketi asiulize mara moja. Alimimina chai, akamnywesha kidogo kwa kijiko. Kisha akasema, "Mwanao ameniambia. Daktari naye ameniambia. Leo nauliza nikiwa najua. Ukitaka kuninyima jibu ninyime, ni haki yako, lakini usinijibu kwa kunihurumia mimi. Umeamkaje?"

Mkewe alimtazama mikono, kisha uso, kama anayemchunguza fundi kabla ya kumpa kazi.

"Vibaya," akasema. "Nimeamka vibaya."

Radi akaitikia kwa kichwa.

"Unalijua jino langu hili?" mkewe akauliza. Akaingiza kidole pembeni ya mdomo, akavuta shavu, akamwonyesha. Upande wa juu, nyuma ya chonge, palikuwa na pengo, na ufizi wake ulikuwa umeshajifunga, umekuwa mgumu na kuteleza kama sehemu ambayo haikuwahi kuwa na kitu.

Radi akauliza lilitoka lini.

"Mtoto alikuwa darasa la tatu. Lilininyima usingizi siku tatu, nikakwambia. Ukasema, mimi nabeba zege juani kutwa nzima, narudi unaniletea habari za jino? Sahani ikaenda ukutani. Kesho yake ukaniuliza chumvi iko wapi, yamekwisha. Jirani ndiye aliyenipeleka kung'oa." Alipumzika kidogo, akapata pumzi. "Tangu siku hiyo nikajifunza. Kila ninapoamka, kabla sijashusha mguu kitandani, najiambia mwenyewe: salama. Mara moja tu, polepole. Mwanzoni ilikuwa ngumu, mdomo ulikuwa unakataa. Baadaye ikawa inatoka yenyewe. Mwisho hata mimi nilikuwa siwezi kujua kama ni kweli au si kweli. Hili tumbo nilichelewa kulisikia."

Radi alifungua mdomo amwombe msamaha. Alikuwa ameyapanga maneno usiku kucha na yalikuwa mazuri. Mkewe akainua mkono kutoka kwenye shuka, akamzuia.

"Bado sijamaliza," akasema. "Hilo la jino ni la katikati. Ngoja nianze mwanzo."

Akaanza na mwaka waliooana, na chumba cha kupanga walichoanzia, na neno ambalo Radi alimwambia mbele ya mama yake siku ya tatu ya ndoa. Radi hakulikumbuka neno lenyewe. Mkewe alimtajia lilivyokuwa, na rangi ya shati alilokuwa amevaa. Alisimulia mpaka wageni wakaambiwa watoke, akasema atamalizia kesho. Na kesho Radi alipoketi na kuuliza swali lake, mkewe alijibu vibaya, kisha akaendelea pale alipoishia jana, bila kukosea hata hatua moja, mwaka baada ya mwaka. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayetoa vitu vya watu kabatini na kuvirudisha, hiki chako, hiki chako. Kulikuwa na mazuri pia humo, machache, na hayo pia hakuyaruka.

Radi alisikiliza. Hakujitetea, hakusema lakini, hakusema na wewe je. Mara mbili alilia na mkewe akamngoja anyamaze ndipo akaendelea. Kazini alikuwa ameomba ruhusa ya siku tatu, zikawa kumi, mwenye nyumba akatafuta fundi mwingine wa kumalizia ukuta. Fundi bomba alipokuja kumwona mgonjwa alimkuta rafiki yake ameketi kwenye stuli kainamisha kichwa, akageuka na kwenda kungoja nje. Jibu refu alilolitaka Radi alikuwa analipata kila asubuhi, muda wa chupa moja ya chai, na hakuna siku aliyotoka pale akiwa amesimama wima.

Sauti ya mkewe ilizidi kupungua. Siku za mwisho Radi alilazimika kuweka sikio karibu na mdomo wake, na sentensi moja ilichukua muda wa tatu. Hakumwambia apumzike. Alijua sasa kwamba hiyo ndiyo kazi aliyobakiwa nayo mwenzake hapa duniani, na kwamba anataka kuifikisha mwisho.

Hakuifikisha. Asubuhi ya kumi na saba alikuwa amefika mwaka wa nane wa ndoa, mwezi ambao binti yao alianza shule. Alisema mtoto alikuwa na viatu vipya vinavyombana na akakataa kuvivua, kisha akafumba macho. Radi alingoja aendelee. Alingoja mpaka muuguzi alipokuja akamshika begani. Miaka ishirini na mitatu iliyobaki aliondoka nayo, na Radi hana wa kumuuliza.